Beseni Moja Kila Asubuhi

Nilichoka na uchafu wa bwana yangu! Tangu mshahara ukatike, alirundika mawe ya mgodi wa Kamatanda nyuma ya jiko, pale pale nilipotaka kupanda matembele. Ya kijani ningeyaheshimu, ni shaba. Haya yalikuwa meusi tu! Kila asubuhi, mtoto mgongoni, nikapeleka beseni moja kanisani, walikokuwa wanajaza sakafu mawe. Pasta akanisifu.

Jumamosi iliyopita akaja mnunuzi wa madini. Kumbe yale meusi ni kobalti!

"Mama Nasha, mawe yangu iko wapi?" bwana akauliza.

Nikampeleka kanisani, watu wakiwa katikati ya maombi. Alipoona simenti imekauka juu ya chakula chetu, akaanguka kifudifudi, akaikwaruza kwa kucha akilia.

"Aleluya!" Pasta akapaza sauti. "Roho amemushika!"

Waumini wakapiga makofi. Na miye, mjinga, nikapiga pia.