Maneno Chini ya Bitana

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kabla ya Maulidi pale mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliponipa kazi. Kila mwaka Maulidi yalisomwa kwa Kiarabu, nasi watu wa Gisenyi tuliitikia pale tulipojua kuitikia, kwingine tukasinzia. Safari hii alitaka kurasa chache za Kiswahili juu ya utoto wa Mtume, nizisome mimi, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu chuoni na kalamu sikuiogopa.

"Ukishindwa," aliniambia, "tutasoma kama kila mwaka, na mama yako atalala nyuma ya pazia la wanawake kama kila mwaka."

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Mama alimpenda Mtume kwa moyo wote, lakini hakuwahi kukisikia kisa chake kwa lugha anayoielewa.

Mwalimu alinishauri niandike baada ya sala ya alfajiri, "akili ikiwa bado ina udhu." Nikajaribu. Saa ile baridi hushuka kutoka milimani na kuingia vidoleni. Siku nne niliandika Bismillahi peke yake, kwa hati nzuri sana, kisha nikalala juu yake. Nikahamia ufukweni mwa ziwa, mchana. Huko kila mpita njia alisimama, maana siku zile mtu mzima akionekana na karatasi na kalamu, watu walijua ni barua ya msiba.

"Pole, ndugu yangu. Nani amekufa?"

Nilirudi nyumbani na pole nyingi, ukurasa sina.

Nilikuwa fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza, mtaa wa Mbugangari. Asubuhi moja nilikuwa nangoja pasi ya makaa ipate moto, sentensi ikanijia. Karatasi nilikuwa nimeiacha nyumbani. Mkononi nilikuwa na chaki, mbele yangu kitambaa cheusi. Nikaandika hapo. Pasi ilipoiva nilikuwa na mistari sita, mingi kuliko ya wiki nzima. Basi sikutafuta saa nyingine. Makaa yakishika naandika, pasi ikiiva naacha, hata neno likiwa nusu. Baada ya alasiri nanakili daftarini, kisha napangusa chaki kwa brashi. Kila siku Mwenyezi Mungu alinipa kidogo, na kidogo kile kilinitosha.

Siku chache kabla ya Maulidi nilikuwa nashona koti la mzee mmoja wa Nyundo, Mkristo, aliyekuwa akimwoza binti yake. Kifuani kwa ndani niliandika fungu nililolipenda kuliko yote: yule mama wa kunyonya alivyomchukua mtoto yatima ambaye wanyonyeshaji wenzake walimkataa. Kabla sijalinakili, mwenye koti akafika, ana haraka. Nikashona bitana, kile kitambaa cha ndani, juu yake, nikapiga pasi, nikamkabidhi. Nilikumbuka nikiwa katika sala, rakaa ya pili, Mungu anisamehe.

Kesho yake, Ijumaa, nikapanda Nyundo kwa miguu.

"Mzee, naomba lile koti kidogo. Nimesahau maneno ndani yake."

"Maneno gani? Umetia dawa kwa koti yangu?"

Mkewe akadakia kutoka ndani: "Mi nilikuambia! Ule fundi anashona na hirizi!"

"Si dawa, mama. Ni habari ya mtoto yatima."

Mzee akacheka hadi akashika ukuta. "Bon, sawa. Yatima yako itacheza arusi na sisi kesho. Siku ya Mungu, tukitoka misa, utafumua."

Jumamosi yote nilimwona akilini mwangu akicheza na kutoka jasho. Jumapili alileta koti mwenyewe. Nikafumua bitana. Chaki ilikuwa imegeuka vumbi, na neno moja tu lilisomeka: akambeba.

Mzee alihuzunika kuliko mimi. "Mi nimemufuta yatima," akasema, akakaa kwenye stuli. "Ilisema nini? Niambie tu kwa mudomo."

Nikamweleza huku nikirudisha bitana. Aliniuliza mtoto alikuwa mdogo kiasi gani, na kwa nini wale wengine walimkataa, nami nikajibu kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyomsimulia jirani. Alipoondoka nikayaandika hivyo hivyo. Fungu lilitoka fupi kuliko lile la kwanza, na halikuwa na pambo hata moja.

Usiku wa Maulidi nilisoma kurasa zangu. Nilipopita pale mama wa kunyonya alipombeba mtoto, sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mama yangu.

"Ngoja, mwanangu. Rudia hapo."

Watu wakageuka. Haikuwa desturi mwanamke kumkatiza msomaji. Nikamtazama mwalimu.

"Rudia," akasema. "Aliyelala haombi kurudiwa."

Nikarudia mara tatu, maana wanawake wenzake nao walianza kuuliza maswali yao.