Inshallah ya Wino

Mwezi uliopita, kwenye baraza ya mwandishi wa barua pale Darajani, nilimkuta Bi Mkubwa mmoja akimwombea binti yake nafasi ya kusomea ukunga kwa Mzungu, mkubwa wa hospitali. Mwandishi akapiga taipu barua ya Kiingereza, akamalizia huku akiisoma kwa sauti: "look forward to".

"Ndiyo nini hiyo?"

"Look ni kutazama, forward ni mbele. Lakini yote matatu pamoja, maana yake nnalingojea jibu kwa hamu."

"Umetia inshallah?"

"Kiingereza hakitii, Bi Mkubwa. Mzungu atatucheka."

Bi Mkubwa akaibana karatasi kwa kiganja. "Ya mbele anayajua Mungu. Tia!"

Mwandishi akaitia kwa wino, uso kaukunja.

Jana nipo pale tena, mara Bi Mkubwa huyo anakuja mbio, buibui lapepea, barua mkononi, akampa mwandishi. "Nisomee!"

Binti kakubaliwa! Na mkubwa wa hospitali naye kamalizia kwa "look forward to", angojea kwa hamu kumpokea. Mwandishi akatugeuzia karatasi sote tuione. Chini ya saini, kwa wino, Mzungu kaandika: inshallah.

Bi Mkubwa akapiga kigelegele, Darajani nzima ikageuka. Nami nimesomeshwa Kiingereza miaka chungu nzima, wala hapana mwalimu aliyeniambia kuwa hapo mwisho pana nafasi ya inshallah.