Bakuli la Baba Kando ya Redio

Leo mwalimu wa fizikia ametuchorea ubaoni kundi la nyota lililo mbali kupita kiasi, la mviringo kama kiazi, kisha akavuta mstari mmoja wa chaki kutoka katikati yake mpaka nje. Huo, alisema, ni mchirizi wa gesi ya moto unaorushwa kutoka moyoni mwa kundi hilo, na hakuna ajuaye bado ni kitu gani kinachourusha. Wenye darubini wanauona, wenye redio wanausikia ukivuma. Wenzangu hapa Iringa waliandika. Kalamu yangu ilisimama, maana mvumo, rafiki yangu, nimekua nao.

Nilikuwa mdogo, nikikaa Iyunga na bibi. Baba alikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Kusini, nje ya mipaka yetu, kabla sijaota meno, na kwetu msafiri hutengewa chakula. Kila jioni bibi alimega ugali wa baba, akauweka na maharage kwenye bakuli lake, akafunika. Kuacha kumtengea ni kumzika, alisema. Asubuhi kiporo kile nilikula mimi, kimeganda kwa baridi, na utamu wake ninao mpaka leo.

Jirani yetu, mwalimu wa shule ya misheni, akanunua redio ya betri. Tukishamaliza kumenya viazi tulikwenda kusikiliza, nguo zikinuka moshi. Jioni moja alipokuwa anazungusha kitufe kutafuta Dar es Salaam, katikati ya stesheni ukaja mvumo, shhh, unapanda, unashuka. Bibi akamshika mkono.

"Usigeuze, Mwalimu. Huyo mwanangu. Yuko chini huko, anapumua."

"Bibi, hapo hapana mtu. Ni radi za mbali, na kidogo unatoka juu, kwenye nyota."

"Nyota zina mapafu?"

Mwalimu akacheka, lakini hakugeuza.

Tangu hapo bakuli la baba likahamia kwa mwalimu, kando ya redio. Watoto wenzangu waliningoja kisimani. "Redio ya bibi yako imeshiba? Imecheua?" Kwa haya zangu nilijaza debe nikaondoka. Ila na mimi niliomba kimoyomoyo mvumo ule usikatike. Betri zikidhoofu, chakula hakipiti kwenda kwa baba.

Baba alirudi msimu wa kuchuma pareto, kwa lori, amebaki mifupa. Vumbi la mgodi lilikuwa limemjaa kifuani. Bibi hakulia. Alimlaza, akaweka sikio kifuani pake, kisha akaniita nisikilize. Shhh, unapanda, unashuka.

"Si niliwaambia?" alisema.

Mavuno ya mahindi hayakumkuta baba. Baada ya mazishi bakuli lilioshwa, likafudikizwa, na bibi hakukanyaga tena kwa mwalimu. Sasa bibi naye hayupo. Mwalimu alihamishiwa Idodi pamoja na redio yake, na pale ilipokuwa nyumba yetu watu wamepanda viazi.

Mwalimu wa fizikia alimalizia kwamba mvumo huo ulianza safari kabla binadamu hawajakuwapo, na huenda kilichoutoa kimekwishazimika. Akauliza kama kuna swali. Nilikuwa nalo: anayesikiliza huku atajuaje kwamba kule kumekwisha? Nililiandika pembeni mwa daftari.

Jioni, bwaloni, nilimega ugali kidogo, nikaweka maharage juu yake, nikausogeza ukingoni mwa sahani.

"Huli hicho?" akauliza mwenzangu wa benchi, mkono umeshafika.

"Chukua," nikamwambia. Kilikuwa bado cha moto.