Siku Babu Alipotumia Mbao ya Makasha

Kuku wa rafiki yangu wanatagia ndani ya boti. Nimewaona kwa macho yangu mwezi uliopita, nilipokwenda Tabora kwenye harusi ya mwanawe. Aliniambia, "Hebu zunguka nyuma ulete mayai, wewe si mgeni hapa." Nikazunguka na bakuli langu, nikalikuta boti la marehemu baba yake limewekwa kando ya ukuta wa uani, limechubuka rangi, limejaa pumba na manyoya. Katikati yake meza ya usukani ilisimama wima kama zamani, na tetea mmoja alikuwa amelala chini yake akinitazama kwa jicho baya. Nikasahau mayai.

Nyumba yetu ilikuwa hapo hapo mtaa wa Mtendeni, ukuta kwa ukuta na yao. Babu aliyenilea alikuwa seremala, na kazi zake alizifanyia barazani, kwa hiyo tuliishi ndani ya maranda. Yaliingia kwenye kanga za bibi, yaliingia kwenye mchele, na siku moja nilikwenda nayo kichwani shuleni, mwalimu akaniuliza kama nimelala kwenye kiota. Asubuhi niliamshwa na adhana, kisha na sauti ya randa, kisha na bibi akiniita nikawashe jiko kwa maranda hayo hayo. Chai tuliinywa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani, na asali ikiwepo tulichovya. Mpaka leo mkate wa dukani hauniingii vizuri.

Bibi alimtania babu kwamba ana dini mbili, Uislamu na mninga. Hakuwa mbali na kweli. Mbao nyingine babu hakuzihesabu kuwa mbao. Msonobari ulioletwa na malori kutoka kusini aliuita mbao ya makasha, na mteja aliyeutaja barazani kwetu aliambiwa kwa upole aende mtaa wa pili. Kila alichotengeneza, kiwe mlango, kitanda au kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, alikitia alama yake mahali pasipoonekana: mikato mitatu ya patasi iliyolala sambamba. Nilimuuliza kwa nini anaificha. "Anayetaka kujua kazi ya nani atapapasa," akasema, akaendelea kupiga randa.

Sasa jirani, baba wa rafiki yangu. Alikuwa Mnyamwezi wa Puge, mrefu kupita milango yote ya mtaani, Mkatoliki aliyekuwa akipita barazani kila alfajiri akimsalimu babu kwa sauti nzito. Ujanani alikuwa mrina asali. Siku moja alianguka kutoka mtini pamoja na mzinga wake, na tangu hapo mgongo ukawa haumtaki. Mizinga akaiacha, akanunua boti kuukuu la mradi fulani uliokwisha, akawa anavua sato na kambale kwenye bwawa la Igombe.

Bwawa lile, kama hulijui, lilizamisha miti. Visiki vimejaa chini ya maji, vingine vimebakiza kiganja kimoja tu kufika juu, na anayeendesha boti lazima asimame ili avione. Lakini meza ya usukani ya boti lile ilitengenezwa kwa mtu aliyeketi. Jirani akisimama, usukani ulimfika mapajani. Basi kutwa nzima aliendesha akiwa ameinama kama anayetafuta sindano, na jioni alirudi nyumbani akishika kuta za watu.

Siku aliyoingia kwetu bila samaki mkononi, mimi na binti yake tulikuwa tumekaa mkekani tukibangua karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgongo unasemaje?"

"Mgongo ndio ulionileta. Nimeshindwa, mzee wangu. Mvua zikianza nauza boti, nachukua watoto tunarudi Puge kulima."

"Na kulima si kuinama?"

"Kule wapo ndugu wa kuinama. Mimi nitapalilia kwa mdomo."

Babu alicheka. Sisi hatukucheka. Rafiki yangu hakuwa ameambiwa, niliona kwenye uso wake. Tulikuwa tunakaa dawati moja, tunasukana nywele, tunagawana kichwa cha samaki kila mmoja na jicho lake. Puge mtu mzima anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini kwa akili yetu ya wakati ule ilikuwa sawa na kuzikwa. Nilishika karanga mkononi mpaka zikalowa jasho.

Babu akaweka penseli yake sikioni. "Mgongo wako hauna kosa," alimwambia. "Kosa ni la meza. Lete hilo boti hapa tuinyanyue."

Boti likaletwa kwa tela la trekta, na mtaa mzima ukatoka kulitazama likipita kati ya maduka. Likawekwa uani kwa jirani. Babu akampandisha jirani ndani, miguu mitupu, akamwambia asimame kama anayeendesha, kisha akapima kwa shubiri kutoka sakafuni mpaka kiwikoni. Aliifungua meza ile ya zamani, akavuta waya za usukani zilizojikunja chini na kuona kwamba zinatosha, kisha akajenga sanduku la kuikalisha juu yake. Kwa mninga, bila shaka. Mbao nene zilizokauka miaka mitatu darini, alizokuwa amewawekea watu wa maana. Alizipiga vanishi mpaka ukawa unajiona uso. Mafundi wa mtaa wa pili walikuja kuangalia, wakaondoka bila kupata kasoro, na babu siku hiyo alikula sahani mbili.

Siku ya kulijaribu tulikwenda Igombe wote, hata bibi, na kapu la chakula. Jirani alisimama nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza akiwa amenyooka. Namkumbuka alivyovuta pumzi. Babu akapanda naye, amevaa kanzu yake na kofia safi, akaketi ubavuni kama bwana harusi. Mashine ikanguruma, wakaenda vizuri, wakaenda vizuri tena, kisha mbele kikatokea kisiki na jirani akakata kona. Boti likalala upande, likakaa hivyo hivyo likifikiri, kisha likainuka na kulalia upande wa pili. Kofia ya babu ikaenda majini. Waliporudi kwa mwendo wa kinyonga, babu alikuwa ameukumbatia mninga wake kwa mikono miwili.

Jirani akajifanya anafunga kamba, akaifunga mara tatu. Mwishowe akasema, "Si kitu, mzee. Umejitahidi. Mungu hakupanga." Nikamwona rafiki yangu anageuka kuangalia vichakani, nikajua analia.

Ni bibi aliyesema kosa liko wapi. Babu wa babu yake yeye bibi alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba meno ya tembo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, na kwao watoto walifundishwa kufunga mzigo kabla ya kufundishwa kupika. Kizito kikae karibu na utosi, chepesi kikae juu, la sivyo shingo haifiki hata kijiji cha pili. Bibi alikuwa anamenya yai la kuchemsha wala hakuinua macho. "Mume wangu," alisema, "umemtwika mtoto debe la mtu mzima."

"Unataka niweke nini?"

"Unakijua."

Babu alikijua. Siku mbili hakugusa randa. Aliswali, akarudi, akaketi kwenye benchi lake akiliangalia lile sanduku la mninga, na bibi akatukataza kupiga kelele kana kwamba kuna mgonjwa. Mimi niliomba kwa jinsi nilivyofundishwa, rafiki yangu akaomba kwa jinsi yake, tukakubaliana kwamba mmoja wetu lazima atasikilizwa. Siku ya tatu babu alitoka mapema, akapita njia ya nyuma, akarudi na mbao nyepesi nyeupe zimefungwa ndani ya mkeka ili mtaa usizione. Nilikuwa mlangoni. Akaniangalia, akaweka kidole mdomoni.

Alifanya kazi uani kwa jirani, mlango umefungwa. Sanduku jipya alilitengeneza kwa msonobari, na ule mninga akaupasua akautandaza chini, ukawa sakafu ya boti, ili uzito ukae ulipotakiwa. Kisha akaupaka ule msonobari rangi ya buluu, mara nne, mpaka mbao ikawa haijulikani ni mbao gani. Tuliporudi Igombe jirani alikata kona ya kisiki kile kile, na boti likageuka kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Alikata ya pili na ya tatu kwa furaha tu. Rafiki yangu alinishika mkono akaniumiza, nikamwacha aniumize.

Hawakurudi Puge. Jirani alivua miaka mingi akiwa amesimama wima, akazeeka hapo Mtendeni, akazikwa hapo hapo Tabora. Lakini mtu akimsifu babu kwa meza ile, babu alikuwa na jibu moja. "Sakafu ni yangu," alisema. "Hiyo ya juu sijui." Alikufa akisema hivyo, na sisi tulimwacha na heshima yake.

Barazani petu sasa mpangaji anauza madirisha ya alumini. Ni kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, na vitu vyake vinang'aa, lakini nilisimama pale kitambo nikinusa hewa bila kupata kitu. Bibi hayupo, randa haipo, na mtoto wa mtaa ule leo haamki na maranda kichwani. Sikuhuzunika sana. Nilikuwa nimeshiba pilau, na ndani ya nyumba ya pili rafiki yangu alikuwa akigombana na wapishi kwa sauti ile ile niliyoizoea tangu darasa la kwanza.

Lakini nilikuwa bado sijakuambia kuhusu mayai. Nilipanda ndani ya boti na nguo zangu za harusi, nikasimama nyuma ya usukani ambao zamani niliufikia kwa kurukaruka. Rangi ya buluu imebanduka, na msonobari umetokeza, mweupe, bado imara. Nikainama kutafuta mayai chini ya meza, tetea akanidonoa, nikaupeleka mkono ndani zaidi, nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Vidole vikapita kwenye mikwaruzo. Nikavirudisha polepole. Mkato mmoja, wa pili, wa tatu.

Rafiki yangu akaita kutoka jikoni, "Umeyapata?" Nikamwambia nimeyapata.