Benchi Lililojaa

Sista, muuguzi wetu, alikuwa na miguu mibaya. Miaka kumi na tisa ya kusimama katika zahanati yetu ya vyumba vitatu ilikuwa imemwachia vifundo vilivyovimba, na viatu alivyovichana ubavuni kwa wembe ili vidole vipate nafasi. Mimi wa maabara nilifanya kazi naye mlango kwa mlango, na sikuwahi kumsikia akilalamikia miguu. Alilalamikia mengine yote, na sauti anayo.

Mwaka ule wagonjwa walikatika. Rafu za dawa zikabaki na vumbi, na mshahara tukawa tunausikia kwa jirani. Tumaini lilibaki moja, mkataba wa bima. Mkaguzi angekuja Jumatano. Akiridhika, wenye kadi za bima wangeanza kutibiwa kwetu. Asiporidhika, Daktari alishatuambia, zahanati ingefungwa.

Ndipo Daktari, mtu mwema ambaye hata kudanganya hajui, akapata wazo.

"Akikuta benchi tupu, tumekwisha," alisema. "Tulijaze."

"Tulijaze na nani?" Sista akauliza.

"Na sisi wenyewe. Nitaita na ndugu zangu."

"Daktari, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Sista, nakuomba."

Alipoombwa hakuwa na ujanja. Jumatano tukavua sare. Mfagizi alijifunga kitambaa kichwani na kukohoa kwa bidii, hadi nikamnong'oneza apunguze, tusije tukatakiwa kumlaza. Shemeji yake Daktari alishika tumbo. Mimi nilijifunga bandeji mkononi, nyeupe mno kwa mtu aliyeumia. Sista alikaa mwisho, karibu na mlango, amejitanda mtandio na amefura kwa hasira. Nilijionea aibu.

Mkaguzi akaja. Alisimama kaunta na faili lake, akatuhesabu kwa macho, akaandika. Daktari alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyebeba gunia.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mlangoni, mtoto mgongoni. Huyo alikuwa mgonjwa wa kweli, wa kwanza tangu Jumatatu. Alitutazama kichwa kimoja baada ya kingine, watu wanane.

"Foleni yote hii?" alisema peke yake. "Hata jioni sitafikiwa." Akageuka, akaenda zake.

Tukatazamana. Nilijua cha kufanya, lakini nilibaki nimeshika bandeji yangu. Sina la kujitetea, niliufikiria mkataba. Sista alikuwa ameshaona jinsi shingo ya mtoto ilivyolegea. Akainuka.

Sikuwahi kumwona akikimbia. Mtandio ulianguka mlangoni, na sauti yake ikaijaza barabara.

"Mama! Rudi! Hakuna foleni hapa! Hawa wote ni wazima, ni wafanyakazi na shemeji zao!"

Ndani, mfagizi akaacha kukohoa. Mkaguzi akaacha kuandika.

Sista alirudi akichechemea, mtoto kifuani, mama nyuma yake. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Sista, hasa hasa, kwa siku mnapata wagonjwa wangapi?"

"Leo, mmoja. Naomba unipishe."

Akampisha. Daktari akanawa mikono. Mimi nikafungua bandeji, nikamtoa mtoto damu kidoleni na kuipima. Ilikuwa malaria, tena kali. Sindano tulikuwa nayo, ya mwisho mwisho kabatini. Mtoto alipoanza kulia kwa nguvu, Sista aliketi chini sakafuni, akanyoosha miguu yake, akafumba macho. Sote tulikuwa tumechoka, lakini yeye alichoka zaidi.

Mkataba haukuja. Ilikuja barua ya mistari miwili. Siku Daktari alipotukusanya kutuaga nilidhani angemlaumu Sista, na nilikuwa nimejiandaa kumtetea, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu. Daktari alikunja barua, akaitia mfukoni.

"Yule mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Nilipita kwao jana," Sista akasema. "Anakimbia. Hata nikimkimbiza, simpati tena."