Pua ya Wifi Yangu na Povu la Sabuni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani, lakini pale mtaani tulimwita Pua. Maharage ya jirani yakianza kushika chini ya sufuria, yeye alishapiga kelele kabla mpishi hajageuka. Ndiyo maana kila aliyefunga mtungi mpya wa gesi alimwita aje anuse. Anainama, anafumba macho, anavuta pumzi, kisha anasema, "Salama. Washa." Na watu wanawasha.

Muuza gesi alikuwa akitusihi tupake povu la sabuni kwenye maungio; panapovuja, povu litavimba lenyewe. Pua akamcheka. "Sabuni ni ya vyombo, baba. Mimi Mungu alinipa hii," akaigonga pua yake.

Alasiri moja nimetoka kusali, nikapitia kwake kuchukua gauni langu. Mlangoni nikapokewa na harufu ya gesi, kali kama yai viza. Ndani, wifi amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, anaimba.

"Wifi, usiwashe!"

"Hata hodi hujapiga, unanipigia kelele?"

"Gesi inanuka!"

"Inanuka wapi? Ingenuka ningejua mimi."

Mungu anisamehe, nilimpokonya kile kiberiti nikakitumbukiza kifuani. Nikafunga mtungi, nikafungua dirisha na mlango wa nyuma, nikamvuta tutoke. Kaka yangu naye ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, mkono umeshafika kwenye swichi ya taa.

"Kaka, usiguse hiyo! Cheche moja tu inatutosha!"

Akabaki ameinua mkono kama anayeapishwa. "Sasa niushushe?"

"Ushushe, utoke nao nje."

Tukakaa uani kusubiri hewa ipite, maana gesi hii ni nzito, hulala sakafuni. Kaka akamtazama mkewe. "Wewe ulikuwa humo ndani. Hukusikia harufu?"

Wifi akawa anaangalia kucha zake. "Tangu yale mafua makubwa sisikii harufu yoyote. Hata ya kitunguu."

"Miezi yote hii?"

"Yote."

Kaka akashika kichwa. "Kumbe! Mimi navua viatu hunigombezi tena, nikadhani umeanza kunipenda upya!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wifi hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Kinyozi aliniita juzi ninuse mtungi wake. Na mama wa nyumba ya kona pia. Wote niliwaambia salama. Niliona aibu, wifi. Bila pua mimi nani?"

"Wewe fundi cherehani," nikamwambia, "na wifi yangu. Inuka, twende kabla hawajabandika sufuria."

Tukakoroga sabuni kwenye bakuli, tukachukua sifongo. Njia nzima alitembea kama anakwenda kuolewa na mtu asiyemtaka. Kwa mama wa nyumba ya kona povu lilitulia tuli. Kwa kinyozi, tulipofungulia mtungi kidogo, povu la pale penye regulata likatuna kama shavu la mpiga tarumbeta. Nikafunga upesi.

Kinyozi akatoa macho. "Mbona ulisema salama? Ile salama ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa ya aibu, kaka yangu. Sinusi tena. Nisamehe."

Kinyozi akatikisa kichwa. "Na mimi nikawa nalalamika gesi inaisha haraka, namshuku mke wangu anapika kwa siri!"

Hapo ndipo wifi alipocheka, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tuliporudi tukakagua mtungi wake mwenyewe. Mpira ulikuwa umelegea kwenye maungio, naye ameufunga kwa lastiki ya sketi.

"Nilidhani itabana," akasema.

"Wifi, huu ni mpira wa gesi, si kiuno cha mtu."

Muuza gesi akaja na mpira mpya na kibano cha chuma. Akaliona bakuli la sabuni. Alikohoa tu.

Siku hizi mtu akifunga mtungi, wifi huenda na bakuli lake. Jina la Pua halijamtoka, na mama wa nyumba ya kona bado humshikilia: "Nusa kwanza, roho yangu itulie." Basi kwa heshima wifi huinama, akafumba macho, akavuta pumzi. "Sisikii kitu," anasema. "Lete sifongo."