Gunia la Kofia na Migongo ya Malaba

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, birika la umeme na mkeka wa plastiki, nikaambiwa hiyo ndiyo famasi yangu. Nilicheka. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili upande wa Sigalame na kusomea cheti kifupi cha kusaidia wagonjwa, na kichwani nilijiona na koti jeupe nikigawa vidonge. Mkubwa wangu, mama mmoja mnene tuliyemwita Fizio kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha na kuimarisha viungo vya watu, hakucheka.

"Cheka umalize," alisema. "Halafu uchemshe maji."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi. Mimi sina hata miaka thelathini na mtoto wangu, Nafula, bado ananyonya. Lakini nimestaafu. Nasema "nimestaafu" kwa sababu nikisema "nimefutwa" nitamfurahisha aliyenifuta. Ninaandikia wasichana wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu na watakaoingia chumba kama kile wakidhani wanaingia kucheza na maji moto.

Kliniki ilikuwa ya mtu binafsi, nyuma ya soko mjini Busia. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mchuuzi wa samaki kutoka Osieko, bega limekaza kwa sababu ya beseni. Nilimwambia, "Pole mama, vumilia kidogo." Fizio akanivuta hadi koridoni kwa mkono wa sare.

"Hilo neno usilitumie tena humu ndani. Amevumilia kutoka ziwani mpaka hapa. Wewe umeajiriwa kufanya nini, kumwongezea?"

Aliniwekea maswali matatu: inauma wapi, inauma namna gani, na inakuzuia kufanya nini. La tatu ndilo kubwa. Mtu akikwambia hawezi kujifunga kitambaa kichwani, basi siku atakapojifunga mwenyewe ndiyo siku umefanya kazi. Nilijifunza kwamba moto ni wa msuli uliokaza, na baridi ni ya jeraha jipya lililovimba. Chupa ya maji moto huzungushiwa taulo, haikai juu ya ngozi tupu. Mwenye mgongo hafungiwi kitandani wiki nzima; anatembea kidogo, anapumzika, anatembea tena. Nilijifunza kumfundisha mtu kupumua taratibu, hewa iende hadi tumboni, mpaka mabega yake yashuke yenyewe. Na nilijifunza kugawa kazi, yaani kumzuia mama asilime shamba lote siku anayojisikia vizuri, halafu alale siku zote zinazofuata. Vidonge vyepesi vya maumivu na uvimbe aliandika klinikal ofisa, ambaye hapa kwetu kila mtu anamwita daktari.

Zile dawa kali, za jamii ya afyuni, hazikuwa za chumba chetu. Na nielewekeni hapa. Sisemi ni sumu. Mgonjwa wa saratani anazihitaji, mtu aliyetoka kupasuliwa anazihitaji, na kumnyima ni ukatili. Mimi mwenyewe nikijifungua niliambiwa nisipige kelele kwa sababu mimi si wa kwanza kuzaa, kwa hivyo siwezi kumhubiria mtu uzuri wa kuumwa. Ninachosema ni kwamba mgongo uliochoka kubeba haufai kunyamazishwa kila asubuhi ili ubebe zaidi. Mwili unaizoea ile dawa, unataka ya pili, na siku ukiikosa unatetemeka kama mwenye malaria.

Baada ya kujifungua nilihamishiwa Malaba. Kliniki ilikuwa imefungua tawi karibu na yadi moja ya nafaka, mahali malori ya mahindi kutoka Uganda hushushwa na mzigo kupakiwa kwenye malori ya upande huu. Mkubwa wangu mpya alikuwa Meneja wa Tawi, kijana wa tai na viatu vinavyolia. Siku ya kuripoti alinikaribisha hivi:

"Mama, sisi hapa tunatibu kisasa. Hakuna madawa makali. Maji moto, mazoezi, mtu anarudi kazini. Umenipata?"

Nikaona nimefika mbinguni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika ile sentensi neno zito lilikuwa la mwisho. Yadi ndiyo iliyokuwa ikileta wagonjwa, na yadi ilitaka watu wake warudi kesho. Mazoezi yalipendwa kwa kuwa ni rahisi kuliko kumpumzisha mtu.

Sasa niwaeleze gunia la kofia. Pale magunia huhesabiwa kwa idadi, kwa hivyo mwenye mahindi hujaza gunia mpaka mdomo, halafu anashonea kipande cha wavu juu na kuendelea kujaza. Kile kichwa cha juu ndiyo kofia. Kwenye hesabu ni gunia moja. Kwenye shingo ya binadamu ni gunia na mtoto wake. Kila mkubwa pale yadi aliiona ile kofia kila siku, na kila mkubwa alikuwa na macho mazima.

Ili kofia zipande, nyapara wa wapakiaji alikuja asubuhi na thamosi yake. Alimimina chai, na kwenye kila kikombe alitoa tembe moja kali. Waliiita chai ya mgongo. Na palikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine: aliyeumia jana ndiye anayefungua lori leo. Anabeba gunia la kwanza mbele ya wenzake ili waone amepona. Mgongo ukinyamaza baada ya chai, walisema umepona. Kwa hivyo kila asubuhi mgonjwa zaidi ndiye aliyetangulia, na wenzake wakimpigia makofi!

Hapo ndipo Omuse aliponifikia. Alikuwa Mteso wa hapo hapo Malaba, mrefu, baba wa watoto wadogo, na mdomo wake haukujua kufungwa. Aliingia ameshika ukuta.

"Inauma wapi?" nikamwuliza.

"Uliza penye haiumi, dada, tumalize haraka."

"Unakunywa chai ya nyapara?"

Akaangalia mlango. "Nikikosa moja natoka jasho. Nikikosa mbili nagombana na kuku."

Sikumwambia aache siku hiyo hiyo. Wasichana, shikeni hili: mtu aliyezoea haachi ghafla, na si kazi yenu kumpangia. Nilimpeleka kwa daktari wa tawi letu, akaanza kumpunguzia polepole, huku mimi nikifanya sehemu yangu. Moto kwa misuli ya kiuno, mto kati ya magoti akilala upande, kutembea hadi njia panda na kurudi, kisha mazoezi ya kuimarisha tumbo na nyonga. Daktari alipiga simu yadi, nami nikisikia, akaagiza Omuse apewe kazi nyepesi: kushona midomo ya magunia, kufagia nafaka iliyomwagika. Nilimfundisha pia dalili zisizongoja. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka, mguu kuishiwa nguvu. "Ukiona moja," nilimwambia, "hakuna maji moto. Ni hospitali, saa hiyo hiyo." Akazikariri kwa sauti kama mtoto wa nasari, akinitolea ulimi.

Siku moja alikuja akitabasamu. "Leo nimeosha miguu yangu mwenyewe. Mke wangu amefutwa kazi."

Alikuwa amemaliza zile tembe kabisa. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa madogo, ya kuishi nayo. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, muda. Mgongo ule ungepewa muda bila gunia la kofia, Omuse angebaki na miguu yake na kazi yake.

Hakupewa. Malori yalijaa msimu wa mavuno, nyapara akamwita arudi kubeba. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda yadi.

"Yoga, mama!" nyapara akanisalimia kwa Kiteso, kwa furaha, thamosi kwapani. "Umeleta maji ya moto tuoge?"

"Omuse habebi. Daktari alisema."

"Si uko naye kila siku? Umempiga masaji mpaka ameng'ara. Kama hajapona, basi dawa yako ni ya uongo. Kama amepona, abebe. Chagua moja, dada."

Vibarua wakacheka. Nikamwambia, "Basi abebe gunia lisilo na kofia."

"Hiyo mwambie mwenye mahindi. Mimi nimekuta kofia hapa, nitaiacha hapa."

Nilimpigia Meneja simu pale pale. Akaniambia nirudi kliniki, kwamba kumrudisha mtu kazini ndiko kufaulu kwetu, na Omuse ni mfano mzuri. Mfano! Omuse mwenyewe alinivuta kando. "Mama Nafula, nikikataa, kesho nafasi yangu iko na mtu mwingine. Lakini chai yake sinywi."

Nikarudi kliniki, yeye akafungua lori. Kabla jua halijapanda vizuri alianguka na gunia. Haya niliyasimuliwa na wenzake waliokuwepo. Nyapara alikimbia na tembe mbili kiganjani, akamwambia ameze, ataamka. Omuse akiwa chini alijaribu kusogeza mguu wa kushoto ukakataa. Alijigusa mapaja, hakuhisi kitu. Akapiga kelele, "Toa hiyo takataka! Mguu umekufa, mapaja imekufa, ni hospitali! Si kliniki, si chai, hospitali!" Wakambeba juu ya turubai wakampeleka. Kutoka hapo alihamishiwa hospitali kubwa, akapasuliwa siku hiyo hiyo. Diski ya uti wa mgongo ilikuwa imetoka mahali pake ikabana mishipa ya fahamu. Daktari wa upasuaji alimwambia mkewe kwamba kama angezubaa mpaka jioni, pengine asingetembea tena. Baada ya kisu walimpa dawa kali siku chache, wakimpima, kisha wakaipunguza. Hapo ndipo mahali pake.

Mimi niliitwa ofisini. Meneja alikuwa amefunga mlango.

"Umetuharibia na yadi. Wewe ni mtu wa mazoezi, mama. Mambo ya magunia ni siasa."

"Gunia ndiyo ugonjwa," nikamwambia. "Mnataka nikande watu jioni ili muwavunje asubuhi. Nyapara anaficha maumivu na tembe, wewe unayaficha na maji moto. Tofauti yenu ni tai."

Alisema nirudishe sare. Niliivua hapo hapo, chini nina blauzi, nikaiweka juu ya meza yake ikiwa bado na joto.

Watu wa Malaba waliniambia ningetulia, nina mtoto, kazi hakuna. Kanisani mama mmoja alinishauri nimwombee Meneja. Namwombea. Namwombea gunia moja la kofia, kutoka lango la yadi hadi lori la mwisho, na viatu vyake vile vile.

Wapakiaji walikataa kofia siku moja. Walikata nyuzi, mahindi ya ziada yakamwagika kwenye turubai, na lori likashushwa hivyo. Siku iliyofuata yadi ilileta vijana wengine kutoka upande wa Rukala, ambao mafuriko yamewamaliza na hawawezi kukataa kitu. Thamosi ikafunguliwa. Ninawaandikia hili bila kulipamba.

Basi nyinyi mnaoingia kazi hii, mtafundishwa moto na baridi, mtafundishwa kupumua, na yote ni kweli, yanasaidia, nimeyaona. Lakini mtu akisema inauma, mwulize pia anabeba nini, nani amembebesha, na kesho atabeba nini. Mkubwa akiwaambia hayo hayawahusu, mjue mmeuliza vizuri. Na msikubali kutumiwa kama kitambaa cha kufutia damu ili kisu kionekane safi. Mimi ningeambiwa hivyo mapema ningepiga kelele mapema.

Omuse huja kwangu Jumapili baada ya misa, na mkewe. Kazi ya kubeba imekwisha. Mke wake anauza mandazi na yeye anakanda unga akiwa amekaa. Mguu wa kushoto anauburura. Aliniuliza kama maumivu yataisha kabisa, nikamwambia sijui, yatapungua. Tunatandika mkeka uani, anapiga magoti, anaweka viganja chini, ananyoosha mkono mmoja mbele na mguu ulio mzima nyuma, anahesabu kimoyomoyo, anabadilisha. Mguu ule mgonjwa hunyanyuka kidogo tu na kutetemeka. Anatukana kwa Kiteso. Mkewe anacheka.

Jumapili iliyopita, akiwa bado amepiga magoti, Nafula wangu alitambaa akampanda mgongoni, akashika shati lake kwa ngumi zote mbili kama anaendesha punda. Nilipiga kelele. Omuse akageuza kichwa, jasho likimtiririka.

"Mwache, dada. Huu mzigo nimeukubali mwenyewe."

Nilimshusha mtoto hata hivyo. Mgongo ulikuwa bado, na kazi yangu naijua.